Neno Lipitalo Vinywa Vingi

Wasomaji wetu wote wajua jinsi habari iendavyo upesi kuliko miguu ya tarishi. Asubuhi mtu huanguka njiani akateguka mguu. Jioni, katika kijiji cha pili, yasemwa kwamba amevunjika. Na kesho yake jamaa wa mbali hufunga safari kuja matangani. Tukimtafuta aliyesema uwongo hatumpati. Kila mmoja aapa kwamba amesema kama alivyosikia, na ajabu ni kuwa mara nyingi aapa kwa moyo safi.

Sababu ya jambo hili imechunguzwa na wataalamu. Bwana Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 jinsi alivyowapa watu hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waisome, kisha waisimulie kwa kukumbuka. Mitumbwi iligeuka mashua; kuwinda sili kukawa kuvua samaki; na mambo yaliyowashinda kufahamu yaliachwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Akili ya mtu si ghala la kuweka vitu na kuvitoa vilevile. Ikumbukapo hujenga upya, na penye ufa huziba kwa udongo wa nyumbani kwake.

Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, walitoa kitabu juu ya uvumi. Mtu mmoja alitazama picha akamweleza wa pili asiyeiona, naye akamweleza wa tatu, hata wa sita au wa saba. Waliona mambo matatu. Kwanza, habari hupungua: katika kupokezana mara tano au sita, yapata sehemu 70 katika kila 100 za mambo madogo madogo zilipotea. Pili, machache yanayosalia hukuzwa. Tatu, habari hupindwa ipate kulingana na dhana za wasemaji. Katika picha moja Mzungu ameshika wembe, akisemezana na mtu mweusi. Katika zaidi ya nusu ya majaribio hayo, wembe ulihamia mkononi mwa mtu mweusi kabla habari haijafika mwisho. Mtu yule hakuwa na kitu. Dhana ya wasimulizi ndiyo iliyompa wembe.

Hayo yalikuwa majaribio tu. Lakini neno la namna hiyo likifika barazani, mtu asiye na hatia aweza kufungwa, mke akaachwa, au kikongwe akafukuzwa kwake kwa kusingiziwa uchawi. Kwa hiyo mwenye kuamua mashauri na amwulize kila shahidi: "Uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Na aliyekuambia, yeye aliona?" Na ujumbe wenye uzito uandikwe, usitumwe kwa mdomo.

Walimu nao waweza kuwafundisha watoto jambo hili kwa urahisi. Mtoto wa kwanza anong'onezwe habari fupi, naye amnong'oneze wa pili, hata wa kumi. Kisha habari ya kwanza na ya mwisho ziandikwe ubaoni pamoja. Watacheka sana, lakini hawatasahau.

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Twakubali kwamba huenda lipo, ila, wasomaji, tusiamini upesi kwamba lipo kama lisemwavyo.