Hela za Shaba na Dhahabu ya Sekenke

Vita vilipozuka mwaka 1914, na manowari za Kiingereza zikaziba njia za pwani, koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikatikiwa na sarafu, kwa kuwa rupia, na hela zilizokuwa vipande vyake vidogo, zote zilifuliwa Ulaya na kuletwa kwa meli. Na huko Ujerumani kwenyewe nikeli na shaba zilitakiwa kwa silaha, hata kufikia mwaka 1915 senti zao ndogo zikawa zinafuliwa kwa chuma. Hapa kwetu mwenye rupia ya fedha aliificha, na noti zilizochapwa kwa haraka hazikuwa na itibari machoni pa watu.

Ndipo mwaka 1916 serikali, iliyokuwa imehamia Tabora, ilipoigeuza karakana ya reli kuwa mahali pa kufulia sarafu. Ajabu ni kwamba dhahabu haikuwa taabu kuipata, maana mgodi wa Sekenke ulikuwa hapa hapa uwandani, katika nchi ya Iramba. Zikatoka sarafu za rupia 15, zipatazo 16,000 na ushei, zenye sura ya tembo, robo tatu yake dhahabu halisi. Kilichoadimika ni madini ya hela ndogo, yakatafutwa hata katika maganda ya makombora.

Wakusanyaji wa ng'ambo humtukuza tembo yule. Kwa rai yangu, hela ndizo zenye habari nzito zaidi, kwani ndizo zilizopita mikononi mwa askari, wapagazi na wauza mtama. Hela 5 ya mwaka 1913 ni nyeupe, ya shaba na nikeli, imetobolewa katikati kiasi cha kutungika uzini; ya mwaka 1916 ni ya shaba ya manjano, haina tundu, ina taji, herufi D.O.A. za jina la koloni kwa Kijerumani, na T ya Tabora. Hela 20, ambayo kabla ya vita haikuwapo, ilifuliwa kwa shaba ya manjano na nyingine kwa shaba nyekundu, na mataji yake hayalingani, kwa sababu mihuri ilichongwa papo hapo.

Kazi hiyo haikudumu: mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma na kuikata reli, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaitwaa Tabora. Chini ya Waingereza nako fedha ilipungua katika sarafu: shilingi yao, iliyokuja mwaka 1921, ilitiwa robo moja tu ya fedha. Na baada ya vita vya pili, Uingereza ikidaiwa madini ya fedha na Marekani, hata robo hiyo ikaondolewa, na tangu 1948 shilingi ikawa shaba na nikeli tupu.