Bangi: Mbona Wengine Huvuta na Wasirukwe na Akili?

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine ukidhani kwamba nimekuja kukuhubiria, nipe dakika tano tu. Mahubiri kuhusu bangi sote tumeyasikia. Kila mwaka huja mgeni, akasimama mbele yetu gwarideni, akatuambia kwamba ukivuta bangi utarukwa na akili, utaokota makaratasi barabarani, na mwisho wako utakuwa kaburini. Sisi tunapiga makofi, tunarudi darasani, na yule mwenye msokoto wake ndani ya soksi anakwenda kuuvuta jioni hiyo hiyo. Kwa nini? Kwa sababu hakumwamini mgeni. Na nikisema kweli, hata mimi sikumwamini.

Kwetu ni Kuria, kule mpakani. Ukivuka upande wa pili uko Tarime, nchini Tanzania, mahali ambapo serikali yao imeteketeza mashamba ya bangi mara nyingi. Mtoto wa mpakani haijui bangi kwa picha za vitabuni. Anaujua mmea wenyewe: majani yake kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, harufu yake baada ya mvua, na jinsi unavyofichwa katikati ya mahindi ili mpita njia asiuone. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye simtaji jina kwa heshima, amevuta tangu kabla baba yangu hajaoa. Mzee huyo analima, analipia wajukuu karo, na kwenye baraza hakuna anayemshinda kwa hoja. Sasa mgeni akisema kila mvutaji ni mwendawazimu, nimwamini yeye au niyaamini macho yangu?

Swali hilo nililibeba kichwani miaka mingi bila kulitafutia jibu. Nililitafutia jibu baada ya yaliyompata mwenzangu wa bwenini, na hayo nitayasimulia. Lakini kwanza tuliangalie neno lenyewe, maadamu hili ni jarida la Chama cha Kiswahili.

Neno "bangi" lilitujia kwa bahari pamoja na mmea. Wahindi husema "bhang". Mmea asili yake ni Asia, na vyombo vya biashara viliuleta pwani yetu karne nyingi zilizopita, kisha ukapanda bara kwa misafara. Kila ulikofika ukapewa jina. Waganda huuita njaga, Wamalawi chamba, na watu wa Afrika Kusini dagga. Sisi vijana wa Kenya tumeuongezea mengine: boza, ndom, shash. Hili la mwisho nilipolifuatilia lilinishangaza. Limetokana na Shashamane, mji wa Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie alitoa ardhi mwaka wa 1948 kwa watu weusi wa ng'ambo waliotaka kurudi Afrika, na Marasta kutoka Jamaika wakaja kuhamia. Bangi ya huko huingia kwetu kupitia Moyale. Kwa hivyo mtu anayesema "shash" nyuma ya maabara hajui kwamba ametaja jiji la watu na historia yao.

Kisa kingine ni cha Kasai, nchini Kongo. Mjerumani mmoja aitwaye Hermann von Wissmann alipofika huko katika miaka ya 1880 aliwakuta watu wa Chifu Kalamba Mukenge wakijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walikuwa wamechoma hirizi zao za zamani na kuacha kupigana wao kwa wao, na kuvuta pamoja kiko kimoja kikubwa kulikuwa ndiyo alama ya undugu na amani. Lakini bangi hiyo hiyo ilikuwa pia adhabu. Mtu akikosa alilazimishwa kuvuta hadi azirai. Ama kweli, watu wale walijua kwamba jani lao lina pande mbili. Na halikuwa jambo la kujificha chooni. Lilikuwa na wakati wake, mahali pake na watu wake.

Sasa nije kwa mwenzangu. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Tulipoingia Kidato cha Pili alikuwa akiongoza darasa katika Hisabati, na katika mashairi ya kukariri hakuna aliyemkaribia. Vijana fulani walimwambia, "Buda, hii kitu inafungua akili. Utasoma usiku kucha." Akajaribu. Mwanzoni tulicheka tu. Alirudi bwenini macho mekundu, akala ugali wa watu watatu, akacheka hata mjusi alipopita ukutani. Nami nilidhani ni utani wa kawaida wa vijana. Aliporudi kuchelewa na majina yalikuwa yakiitwa, nilimwitikia. Nilifanya hivyo si mara moja wala mbili.

Katikati ya muhula wa pili alianza kusahau. Alisoma ukurasa mmoja wa Historia mara nne, kisha akaniuliza tulikuwa tunasoma nini. Siku ya mashindano ya mashairi alisimama jukwaani na kukariri beti mbili, wa tatu ukamtoroka. Shairi lenyewe alikuwa amelitunga yeye. Alishuka bila kusema neno. Baadaye akaanza kuniambia kwamba viranja wanaandika habari zake katika daftari maalum, kwamba redio ya jikoni inamtaja jina. Usiku tatu mfululizo hakulala. Usiku wa nne alitoa vitu vyote sandukuni mwake, akavipanga sakafuni, akavilinda hadi asubuhi akiwa ameshika rula. Mimi nilikuwa macho chini ya blanketi, naogopa. Miezi mitatu nilijua na nikanyamaza.

Alichukuliwa nyumbani. Hospitalini daktari alimweleza mama yake kwamba ni ugonjwa, si ukaidi wala si uchawi. Aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo, na mama akasema yuko mjomba. Daktari akasema basi huyu kijana alikuwa na mlango uliofungwa kwa komeo jembamba, na bangi ikausukuma.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nisome. Nitaeleza nilichokielewa kwa lugha yetu ya kawaida, na mwalimu wa Bayolojia anirekebishe nikikosea.

Ndani ya bangi mna kemikali nyingi, lakini inayolewesha huitwa kwa kifupi THC. Mtaalamu Raphael Mechoulam na mwenzake huko Israeli ndio walioitenga na kuujua muundo wake mwaka wa 1964. Mwaka wa 1992 ikagunduliwa kwamba ubongo wetu wenyewe hutengeneza kemikali inayofanana nayo kwa kazi, kidogo kidogo, ya kupimia hamu ya chakula, usingizi, hofu na kumbukumbu. Kwa hivyo THC ni kama ufunguo bandia unaoingia katika kufuli zilezile, lakini wenyewe huingia wote kwa pamoja na hautoki upesi. Sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya ina kufuli hizo kwa wingi. Ndiyo sababu mvutaji hukumbuka jina la mwalimu wake wa chekechea lakini asikumbuke alichosoma jana. Tena THC hukaa katika mafuta ya mwili. Anayevuta kila siku anaweza kuacha na bado ikapatikana katika mkojo wake baada ya majuma kadhaa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali langu, na jibu ni umri. Ubongo wa binadamu hauishi kujengwa hadi anapokaribia miaka 25, na sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo na kujizuia, huwa ya mwisho kukamilika. Mtu wa miaka 15 ni nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa. Yule mzee wetu alianza akiwa mtu mzima, na huenda pia ukoo wake hauna ugonjwa huo. Miongoni mwa wanaotumia bangi, karibu mmoja kati ya 10 hunaswa asiweze kuacha. Walioanza wakiwa na umri wetu, ni karibu mmoja kati ya sita.

Na kuhusu kurukwa na akili, Waswidi walifanya uchunguzi mkubwa. Vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini mwaka wa 1969 na 1970 waliulizwa kuhusu bangi, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyokuwa, mara sita kuliko wasiovuta kamwe. Watafiti wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo, maana wengine huvuta kwa sababu tayari wana shida nyingine. Lakini tazama upande wa pili pia: hata kati ya wale wavutaji wakubwa, wengi mno hawakuugua. Mgeni wa gwarideni angetuambia hivyo, tungemsikiliza. Ni kama kuvuka mto wenye mamba. Wengi huvuka. Anayeliwa hakuambiwa mapema kwamba ni yeye.

Wapo watakaosema, "Mbona Kanada wameruhusu?" Ni kweli, Kanada iliruhusu mwaka wa 2018, na Uruguay ilitangulia mwaka wa 2013. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka wa 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia faraghani kwake. Jamaika ilibadilisha sheria mwaka wa 2015 na kuwatambua Marasta, na hapa kwetu Marasta walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2021 wakidai haki hiyo kwa ibada yao. Mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Lakini someni sheria hizo hadi mwisho, jamani. Nchini Kanada mnunuzi lazima awe na miaka 18 au 19, na jimbo la Quebec limepandisha hadi 21. Ujerumani iliporuhusu mwaka wa 2024 iliwawekea walio chini ya miaka 21 bangi hafifu kuliko ya wakubwa wao. Hakuna nchi hata moja kati ya hizo iliyoandika kwamba mtoto wa Kidato cha Pili avute. Na wale wanaosema "ni dawa" wajue kwamba ipo dawa ya kifafa cha aina fulani kwa watoto, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 2018. Hiyo hunywewa kwa kipimo, haina ulevi, na haivutwi.

Bwenini huwa tunaambiwa pia kwamba kila mtu anavuta. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulipata kwamba ni mmoja kati ya Wakenya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Wengine 52 hawazungumzwi.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Sheria yetu ya mwaka wa 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa mtu aliyepatikana na bangi hata ya kujivutia mwenyewe. Ilirekebishwa mwaka wa 2022, lakini bangi bado ni hatia. Ukihukumiwa, cheti cha mwenendo mwema utakachotakiwa kupeleka kila unapoomba kazi ndicho kitakachokusuta. Ajabu ni kwamba anayeshikwa ni yule mwenye msokoto mmoja. Mwenye magunia hupita vizuizini salama, na njia anazotumia mnazijua.

Tena kuna jambo ambalo ni aibu kulisema, lakini nitalisema. Huko mpakani iko karo iliyolipwa na bangi. Mahindi hushuka bei, tumbaku hulipwa kwa kuchelewa, na mnunuzi wa bangi huja usiku na pesa taslimu. Mama anayeficha mimea mitatu nyuma ya zizi hamwoni mtoto wa watu anayeharibika Nairobi au Kisumu. Anamwona mwanawe aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Mimi mwenyewe sijui ningemwambia nini mama huyo.

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote, nina neno moja. Mwenzangu alipokuwa wodini, barua ya kusimamishwa masomo ilifika nyumbani ikisema "utovu wa nidhamu". Alikuwa amevunja kanuni, sikatai. Lakini mwanafunzi akivunjika mguu akiruka ua, kwanza hupelekwa hospitalini, na ua huulizwa baadaye. Ningalijua kwamba nikimwendea mwalimu wa ushauri nasaha mwenzangu atapata daktari na si barua, huenda nisingalinyamaza miezi ile mitatu. Naandika "huenda" kwa sababu uoga wangu nao ulikuwepo.

Likizo ya Desemba nilikwenda kumwona. Amenenepa kwa sababu ya dawa, na huongea polepole. Tulicheza dama, akanishinda mara mbili, akafurahi sana. Aliniuliza kama mtihani wa mwigo umekaribia, nikamjibu. Baada ya muda akaniuliza tena. Mama yake alijifanya anachochea moto.

Atarudia Kidato cha Pili katika shule nyingine, ya kutwa, karibu na kwao, ili aweze kunywa dawa mbele ya mama. Ameniomba nimnakilie muhtasari wangu wa Fasihi Simulizi, kwa kuwa wake ulipotea usiku ule. Nimefika kwenye methali na vitendawili. Lile shairi lake pia ninalo, beti zote saba, kwa maana nilimsikia akilifanyia mazoezi kitandani juu yangu hadi nikalijua kwa moyo. Nitaliweka mwishoni mwa daftari.