Mwembe wa Kivulini: Kabla Hujanunua Mche

Muuzaji akikuambia kwamba mche wake wa mwembe huzaa hata kivulini, usiharakishe kulipa. Kivuli huufaa mche mchanga ungali kitaluni. Mwembe wa kuzaa huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kila siku. Ukikosa jua hurefuka, hujaa majani na kutoa maua machache. Tena, katika unyevu wa bonde la Kilombero, maua yanayochelewa kukauka hushambuliwa na chule.

Je, ua wako wa Mlabani una kivuli nusu? Miembe huchanua zaidi kati ya Juni na Agosti, na miezi hiyo jua la Ifakara hupita upande wa kaskazini. Basi nyumba au mti ulio kaskazini mwa shimo ndio wa kuhofiwa. Wa kusini hauna madhara makubwa. Kupogoa matawi ya jirani, kwa ridhaa yake, ni nafuu kuliko kupoteza miaka.

Jua likitosha, nunua mche uliobebeshwa, wenye kovu lililofunga vyema. Kwa kawaida huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 4. Dai risiti inayotaja kitalu na aina, iwe Dodo au Kent. Bila risiti hiyo, utaitambua aina siku ya tunda la kwanza, na huenda muuzaji amekwisha kuhama.