Mashine Ilijuaje Nambari ya Mama?

Ndugu msomaji, je, umewahi kupigia kampuni simu ukapokelewa na mashine, nayo ikaitaja nambari yako kabla hujasema lolote? Mama yangu yalimpata hayo mwaka huu. Akashtuka kweli! "Huyu amenionaje?" akaniuliza. Hebu tulifumbue fumbo hili.

Kwanza, nambari. Ndani ya rununu mna laini, kile kikadi kidogo. Laini ina kitambulisho chake cha siri. Ukiwasha simu, mtambo wa kampuni ya simu hukisoma na kutazama katika daftari lake kitambulisho hicho ni cha nambari gani. Ukipiga, mtambo huitanguliza nambari hiyo, kama bahasha iliyoandikwa anwani ya mtumaji. Mashine husoma tu. Ikiipata kwenye orodha ya wateja, itakuita hata kwa jina. Si uchawi!

Pili, mahali. Simu za waya ni rahisi: 020 ni Nairobi, 041 ni Mombasa. Lakini rununu hutembea. Kampuni ya simu huangalia ni mnara upi unaoihudumia. Mjini minara imekaribiana, bali mashambani mnara mmoja waweza kuhudumia kilomita kadhaa. Kwa hivyo mnara huonyesha eneo, si mlango wa nyumba. Tena, mashine uliyoipigia kwa kawaida hupata nambari tu, haipewi habari za mnara. Ndiyo maana hata ukipiga 999 au 112 nyumba ikiwaka moto, sema uko wapi, na utaje shule au soko lililo karibu.

Sasa sikia yaliyofuata. Siku mbili baadaye mtu alimpigia mama, eti yeye ni wa kampuni ileile. Akaitaja nambari ya mama. Mama akaamini, akabonyeza kila alichoambiwa. Kumbe ni tapeli! Shilingi 2,000 za karo yangu zikaenda, nami nikakaa nyumbani wiki nzima. Nambari si aliipiga mwenyewe? Angekosaje kuijua? Hata nambari inayotokea kwenye kioo cha simu yaweza kughushiwa.

Basi wenzangu, kujua nambari yako si ushahidi wa lolote. Akikupigia mtu akitaka nambari ya siri, kata simu, kisha uipigie kampuni mwenyewe. Waelezeni na wazazi nyumbani. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu