Kidhibiti Kimoja na Maombi Mengi: Juu ya Kutumia Tena Vitu vya Java au Kuviumba Upya

Katika makala haya nataka kueleza jambo moja la programu za tovuti zitungwazo kwa Java, jambo ambalo lilitupata sisi wachunguzi wa lugha kabla hatujalifahamu. Tulikuwa Tosamaganga, karibu na mji wa Iringa, tukikusanya maneno ya Kihehe na ya Kibena. Wanafunzi wetu waliwasikiliza wazee, wakaandika neno, wakachagua jina la lugha, kisha wakalipeleka neno hilo kwenye seva pamoja na sauti ya msemaji. Programu ya kuyapokea tuliitunga wenyewe. Jioni moja wanafunzi wote walipeleka kazi zao kwa pamoja, na maneno kadhaa ya Kihehe yakaingia katika kanzidata yakiwa na alama ya Kibena. Lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu, na kwa hiyo kosa halikujionyesha lenyewe. Lingaliweza kuingia katika kamusi na kukaa humo.

Katika Java mtungaji huandika kwanza kiolezo, na kwa kiolezo hicho kompyuta huumba vitu, kila kimoja na nafasi zake za kuwekea habari. Kidhibiti ni kitu kipokeacho ombi la mtumiaji, kikaamua lifanyiwe kazi gani, kisha kikarudisha jibu. (Wenzangu wengine husema kontrola, mimi naona kidhibiti chatosha, maana kudhibiti ndiyo kazi yake.) Basi twauliza: je, kidhibiti kimoja kiyahudumie maombi yote, ama kila ombi liumbiwe kidhibiti chake?

Mfano wa karani wa mapokezi hospitalini waweza kutusaidia. Karani ni mmoja na wagonjwa ni wengi, wala hapana haja ya kuajiri karani mpya kwa kila mgonjwa. Lakini kila mgonjwa ana kadi yake. Kama karani angekuwa na kibao kimoja tu cha kuandikia habari za wote, akifuta na kuandika tena, mgonjwa wa kwanza angeweza kupewa dawa ya wa pili. Tena karani wa kompyuta ana mikono mingi: huwapokea watu kumi kwa dakika ile ile, na mikono yote yaandika juu ya kibao kile kile.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Jina la lugha tuliliweka katika nafasi iliyo ndani ya kidhibiti chenyewe, na kidhibiti kilikuwa kimoja. Ombi la kwanza liliandika Kihehe, likaanza kuhifadhi sauti, kazi ya sekunde kadhaa. Katika muda huo ombi la pili likaja likaandika Kibena mahali pale pale. La kwanza lilipomaliza sauti na kurudi kusoma jina la lugha, lilikuta Kibena. Tulipokuwa tukiijaribu programu, mtu mmoja mmoja, haikukosea hata mara moja.

Kutumia kidhibiti kimoja si uzembe wa mtungaji. Tangu sevleti za Java zilipotokea mwaka 1997, desturi ni seva kuumba sevleti moja na kuipitishia maombi yote. Struts ya kwanza ilifuata desturi hiyo, na Spring huifuata hata leo, mtungaji asipoagiza vingine. Struts 2, iliyotoka mwaka 2007, iligeuka: huumba kitu kipya kwa kila ombi, na hivyo nafasi zake ni mali ya ombi moja tu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya utumikao Tanzania na Kenya, ulizichukua desturi zote mbili kwa miaka mingi: baadhi ya kurasa zake ziliendeshwa kwa Struts 2, na mlango wake wa kupashana habari na programu nyingine kwa Spring.

Watu wengi hudhani kwamba hoja ni ubanaji wa matumizi. Zamani ilikuwa hivyo kidogo, kwa kuwa kuumba vitu na kuvifagia kulichelewesha kazi. Siku hizi Java hukifagia kwa wepesi sana kitu kilichoishi muda mfupi. Kilicho ghali ni muunganisho na kanzidata na vitu vya namna hiyo, na hivi hapana budi vitumiwe tena, kidhibiti kiwe kipya kisiwe kipya. Wala kufuli si dawa. Zamani palikuwa na njia ya kuizuia seva isipitishe maombi mawili katika sevleti moja kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba isitumiwe tena, kwa sababu haikulinda habari zinazoshirikiwa nje ya sevleti, kama zile za kikao cha mtumiaji.

Sisi tulikiacha kidhibiti chetu kiwe kimoja, tukaliondoa jina la lugha katika nafasi zake na kulipitisha pamoja na ombi lenyewe, kama kadi mkononi mwa mgonjwa. Badiliko hilo lilikuwa mistari minne. Kusahihisha maneno kulichukua majuma mawili, kwani ilitupasa kuzisikiliza sauti zote za jioni ile. Maneno tisa hayakuamulika kwa kusikiliza, kwa kuwa Wahehe na Wabena huyatamka namna moja. Tukarudi Tosamaganga kuwauliza wazee ni nani kati yao aliyeyasema.