Leseni ya urubani si ajira

KWA wazazi wengi nchini, kumsomesha mtoto urubani ni fahari isiyo na kifani, na baadhi yao huuza hata shamba ili kulipa karo. Hata hivyo, kupata leseni ni jambo moja na kupata ajira ni jambo jingine.

Leseni ya rubani wa kibinafsi hutolewa kuanzia umri wa miaka 17, baada ya mwanafunzi kuruka kwa saa zisizopungua 40. Ya kibiashara, inayomruhusu rubani kulipwa, huhitaji umri wa miaka 18 na kwa kawaida saa 200 angani. Lakini nahodha wa ndege kubwa ya abiria sharti awe na leseni ya daraja la juu, ambayo haipatikani kabla ya miaka 21 na saa 1,500.

Pengo hilo ndilo huwatatiza vijana. Wapo wanaolijaza kwa kufunza wanagenzi katika uwanja wa Wilson, Nairobi, au kuendesha ndege ndogo za watalii waendao Maasai Mara. Wanaokosa nafasi hizo husalia nyumbani, ilhali kudumisha leseni kunagharimu pesa.

Ndege, hata hivyo, hairushwi na rubani pekee. Fundi mwenye leseni ndiye hutia sahihi kuthibitisha kuwa ndege iliyokarabatiwa ni salama. Mwelekezi wa safari za angani huhakikisha ndege hazikaribiani kupita kiasi. Naye mwandalizi wa safari hupiga hesabu ya mafuta, uzito na hali ya hewa kabla ya ndege kupaa. Aidha, kuna wahudumu wa abiria, walinda usalama na wasimamizi wa mizigo.

Baadhi ya taaluma hizi hufunzwa katika chuo cha usafiri wa ndege kilichoko Embakasi, kilichoanzishwa mwaka wa 1954. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya nacho hufunza uhandisi wa ndege.

Kabla ya kulipa karo ya urubani, ni busara mwanafunzi apimwe kwanza na daktari aliyeidhinishwa na Halmashauri ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), kwani bila cheti cha afya cha daraja la kwanza hawezi kuwa rubani wa kibiashara. Mzazi naye athibitishe kuwa shule husika imeidhinishwa na halmashauri hiyo. Uchunguzi huo haugharimu hata sehemu ndogo ya thamani ya shamba.