Taarifa za Viwanja vya Gofu Kwenye Kompyuta: Namna ya Kuziingiza na Kuzishirikisha kwa Usahihi

Mchezaji wa gofu wa siku hizi hutazama saa ya mkononi au simu janja kabla ya kuchagua fimbo. Chombo hicho kikimwonesha kuwa bendera iko umbali wa mita 140, hupiga kwa kuiamini namba hiyo. Setilaiti za GPS humweleza mchezaji mahali aliposimama, lakini hazijui grini iko wapi. Taarifa hiyo iliingizwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, na mtu huyo akikosea kwa mita 10, kila mchezaji atakayetumia ramani yake atalibeba kosa hilo hadi uwanjani.

Klabu isiyo na bajeti ya kununua ramani kutoka kwa kampuni za kibiashara inaweza kuandaa yake kupitia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea. Miongoni mwa zana zake kuu ni JOSM, programu ya bure inayowekwa kwenye kompyuta ya mezani au ya mapajani. Kwa Tanzania zana hiyo si ngeni. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi kuchora mitaa, majengo na mitaro ya maji kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Ujuzi wa kuchora mtaro ndio huohuo unaotumika kuchora shimo la gofu.

Mwandaaji huanza kwa kupakua eneo la uwanja kutoka kwenye kanzidata ya ramani, kisha huweka nyuma yake tabaka la picha za setilaiti. Baada ya hapo huchora maumbo: mpaka wa uwanja, maeneo ya kuanzia kupiga, ukanda wa nyasi fupi, mitego ya mchanga, madimbwi na grini. Kila umbo hupewa lebo inayoieleza kompyuta kitu hicho ni nini. Kazi yote inaweza kuhifadhiwa kama faili na kuendelezwa bila intaneti, jambo lenye manufaa pale ambapo mtandao hukatika mara kwa mara.

Kila shimo huchorwa pia kama mstari unaoanza mahali pa kuanzia hadi katikati ya grini. Mstari huo hufuata njia ambayo mpira unatarajiwa kupita, hivyo shimo lenye kona huwa na mstari wenye kona. Katika mstari huo huandikwa namba ya shimo, pari yake na daraja lake la ugumu likilinganishwa na mashimo mengine. Lebo ya daraja hilo huitwa "handicap", neno lilelile linalotumika kwa kiwango cha mchezaji, na wageni wengi wa kazi hii huyachanganya mambo hayo mawili. Tahadhari nyingine ni vipimo. Kadi nyingi za gofu huandika umbali kwa yadi, na yadi 1 ni mita 0.9144. Shimo la yadi 400 lina urefu wa takriban mita 366, hivyo anayeiingiza namba 400 kama mita anakuwa ameongeza mita 34 zisizokuwepo.

Kosa gumu zaidi kugundua ni la picha yenyewe. Picha za setilaiti wakati mwingine huwa zimesogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Anayechora juu ya picha ya namna hiyo atapata ramani nzuri kwa macho, na hata umbali kutoka mwanzo wa shimo hadi grini utakuwa sahihi, kwa sababu vyote viwili vimesogea pamoja. Tatizo hujitokeza mchezaji anapofika uwanjani. GPS humweka yeye mahali halisi, ilhali grini imewekwa mahali palipohama, na umbali unaosomeka kwenye saa unakuwa wa uongo. Dawa yake ni kutembea uwanjani na kifaa cha GPS, kurekodi njia kadhaa zinazoonekana vizuri kwenye picha, kisha kuisogeza picha ndani ya JOSM hadi ilingane na njia hizo kabla ya kuchora chochote. Saa moja ya kutembea huokoa kazi ya wiki nzima ya kurekebisha.

Kutembea huko kunahitaji ridhaa ya uongozi wa uwanja. Kwa uwanja kama wa Lugalo jijini Dar es Salaam, ambao ni wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ridhaa hiyo si suala la adabu tu.

Aidha, hairuhusiwi kunakili kutoka kwenye ramani za kampuni nyingine, hata kama zinaonekana bure kwenye simu. Taarifa za OpenStreetMap hutolewa kwa leseni huria inayomruhusu yeyote kuzitumia kwa sharti la kutaja chanzo, na leseni hiyo haiwezi kufunika mali ya mtu mwingine.

Yapo pia mambo ambayo mchoraji hana mamlaka ya kuyakadiria. Tangu mwaka 2020 gofu duniani hutumia mfumo mmoja wa viwango vya wachezaji, unaosimamiwa na USGA ya Marekani na The R&A yenye makao yake St Andrews, Scotland. Mfumo huo hutegemea namba mbili za uwanja: kadirio la mikwaju ya mchezaji hodari, na kiwango cha ugumu kinachoanzia 55 hadi 155, ambapo 113 ndicho cha kawaida. Namba hizo hupimwa na wakadiriaji walioidhinishwa kupitia vyama vya kitaifa, na kazi ya karani wa klabu ni kuzinakili kama zilivyo.

Unakili huo unahitaji jicho la pili. Mchezaji aliyemaliza kwa mikwaju 90 katika uwanja wenye kadirio la 71.0 na ugumu wa 125 hupata alama ya 17.2, bila kuhesabu marekebisho ya hali ya siku hiyo. Hesabu yake ni 113 kugawanywa kwa 125, kisha kuzidishwa kwa tofauti ya mikwaju 19. Karani akigeuza tarakimu na kuandika 152, mchezaji huyohuyo hupata 14.1. Programu haitalalamika, kwa kuwa 152 iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Anayeumia ni mchezaji, ambaye ataingia mashindanoni akiwa na nafuu pungufu na asijue sababu.

Klabu nyingi huweka taarifa za uwanja na orodha ya wanachama katika faili moja, na hapo sheria huingia. Majina, namba za simu na matokeo ya wanachama ni taarifa binafsi, na nchini Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili la uwanja linalotumwa kwa klabu nyingine au kupakiwa kwenye ramani ya umma linapaswa kutenganishwa kabisa na orodha hiyo.

Kabla ya kupakia, JOSM hukagua kazi na kuonesha mistari isiyoungana au lebo zinazogongana. Iwapo mtu mwingine alikuwa amebadili umbo hilohilo, programu humwonesha mpakiaji matoleo yote mawili na kumtaka achague. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti, tarehe na maelezo mafupi, hivyo ni vyema kuandika maelezo yanayoeleweka, kwa mfano kwamba grini ya shimo la 7 imehamishwa baada ya ukarabati. Ramani ya mtandaoni huonesha badiliko hilo mapema, lakini programu tumishi za simu zinazotumia taarifa hizo huzisasisha kwa ratiba zao. Klabu yenye mashindano karibu inashauriwa kupakia mabadiliko yake mapema, kisha kuyahakiki kwenye simu ya mchezaji, akiwa amesimama pale uwanjani.